Nani Anamdhuru Taratibu?

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kemuma alikuwa na kazi ambayo hakuna mtoto mwingine kijijini kwao, karibu na soko la Birongo, aliyekuwa nayo. Wenzake waliteka maji, wakafagia uwanja, wakawakatia ng'ombe majani. Yeye aliyafanya hayo yote, kisha akaenda nyuma ya zizi kutega nzi.

Mtego wake ulikuwa chupa ya plastiki yenye maganda ya ndizi mbivu ndani. Nzi ni mlafi, akinusa kitu kitamu huingia bila kuuliza mlango wa kutokea uko wapi. Kemuma aliziba mdomo wa chupa kwa kiganja, akakimbia nayo hadi chini ya upenu wa jiko. Hapo palikuwa na kizimba cha mbao na wavu uliobaki kwenye kitalu cha sukuma wiki. Ndani yake alikaa mgeni wake, kinyonga mchanga, mrefu kama kidole cha kati, mwenye kofia ndogo ya ngozi utosini.

Kinyonga huyo aliponea chupuchupu. Baba yake Kemuma, Mzee Machogu, alikuwa amepunguza ua wa shamba na kuyachoma matawi. Kutoka kwenye moshi akatambaa kiumbe huyu, mguu mmoja wa nyuma umebabuka. Kemuma alimpeleka shuleni kwa Mwalimu Ochoki, mlezi wa Klabu ya Mazingira. Mwalimu alimweleza kwamba mnyama wa porini si paka wa kufugwa nyumbani. Lakini kwa kuwa huyu alikuwa ameumia, Kemuma angemtunza hadi mguu upone, kisha wamrudishe kichakani pamoja. Kemuma akakubali, akampa jina la Taratibu. Lilimfaa kabisa, kwani kila alipotaka kuhama tawi alijitikisa mbele na nyuma kama mzee anayepima kama daraja litamhimili.

Nyumbani maoni yalikuwa mbalimbali. Mama alisema tu kwamba asimwone karibu na sufuria zake. Mokeira, dada yake wa sekondari, alipiga ukemi akapanda juu ya kiti. Lakini aliyekasirika hasa alikuwa nyanya yao, Persis, ambaye wajukuu walimwita Magokoro, yaani nyanya kwa Ekegusii. Wazee wengi wa pale huamini kwamba kukutana na kinyonga ni mkosi. Magokoro alikuwa mfuasi mwaminifu wa kanisa na hakupenda kuulizwa kama naye aliamini hivyo, ila alipiga fimbo yake chini na kutangaza mbele ya watu wote.

"Mdudu huyo hataingia nyumbani mwangu," alisema, "na mkono wangu hautamgusa."

Kemuma aliyaweka maneno hayo moyoni. Yeye na Magokoro walikuwa watu wa utani kila siku, lakini kuhusu Taratibu, utani uliisha.

Siku za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Taratibu alikuwa wa kijani kama jani changa la chai. Nzi akipita mbele yake, jicho moja lilimfuata, la pili likageuka likasaidia, na kabla hujapepesa macho, ulimi ulikuwa umetoka na kurudi na nzi hayupo. Kemuma angeweza kutazama jambo hilo mpaka kengele ya shule ikalia bila yeye kuisikia.

Kisha sisimizi wakaja. Walipanda ukutani kwa mstari mrefu, wakaingia kizimbani na kuanza kumwandama Taratibu kwenye mguu wake mbovu. Kemuma aliwapangusa kwa kitambaa, wakarudi. Akawapangusa tena, wakarudi kwa wingi zaidi. Ndipo akakumbuka kuku wa Magokoro.

Magokoro alikuwa na shamba dogo la pareto, yale maua meupe yenye kitovu cha njano, ambayo watu wa milimani huyaanika na kuyauza. Kuku wake alipoatamia, Magokoro alisugua maua makavu viganjani na kunyunyiza unga wake katika kiota. Utitiri wote ulitoweka. Kemuma alijiambia kwamba ikiwa pareto ilimfaa kuku, basi ingemfaa kinyonga pia. Mkeka wa pareto ulikuwa palepale uwanjani na Magokoro alikuwa amekwenda sokoni. Kemuma akachota konzi mbili, akazisugua, akanyunyiza unga kwenye sakafu ya kizimba na juu ya matawi. Hakumwomba mtu ruhusa. Sisimizi wakapotea, naye akaenda zake akijiona hodari. Tangu hapo kila unga ulipopungua, aliongeza.

Haukupita muda mrefu, Taratibu akabadilika. Rangi yake ilififia ikawa kama ya gome kuukuu. Macho yakaingia ndani. Kemuma alimpelekea nzi wanono kabisa na maji ndani ya kifuniko cha soda, lakini jioni aliporudi, tumbo la Taratibu lilikuwa limebonyea kama la mtu aliyefunga. Mwalimu Ochoki alipoambiwa, alikunja uso na kuuliza kama kuna mtu aliyepuliza dawa karibu na kizimba. Kemuma akajibu kwamba hakuna.

Lakini njiani kurudi nyumbani swali lile lilimkaa kooni. Je, kama kweli kuna mtu?

Akaanza kupeleleza. Na mtu akianza kutafuta mbaya wake, hakosi kumwona. Kamba ya mlango wa kizimba, ambayo yeye aliifunga kwa fundo moja, aliikuta ina mafundo mawili. Majani ya ndani yalikuwa na unyevu ilhali mvua haikunyesha. Aliyanusa, hayakuwa na harufu. Jambo hilo lilimtia shaka zaidi, maana aliwahi kusikia kwamba sumu kali haina harufu.

Wiki hiyohiyo darasani walijifunza methali, *Kikulacho ki nguoni mwako*. Mwalimu wa Kiswahili alieleza kwamba adui yako mara nyingi si mgeni wa mbali, bali ni mtu wa karibu nawe. Kemuma aliikariri njia nzima. Kikulacho ki nguoni mwako. Basi adui wa Taratibu alikuwa anakula sahani moja na Kemuma.

Alianza na Mokeira. Alimwangalia dada yake akiosha vyombo, akimimina maji, akijikuna sikio, na kila kitu alichofanya kilionekana cha hila. Mokeira akamuuliza mbona anamkodolea macho kama polisi. Kemuma akasema hakuna kitu. Lakini Mokeira alikuwa hawezi hata kupita karibu na kizimba bila kufunika uso kwa leso, sembuse kufungua mlango wake. Kemuma akamwondoa kwenye orodha yake ya moyoni, shingo upande.

Jioni moja wakiwa mezani, Magokoro alisema kwamba kuna mtu anayepunguza pareto yake pale mkekani. Alisema polepole, akimtazama kila mtu kwa zamu. Mama akasema labda ni kuku. Baba akasema labda ni upepo. Kemuma alilitazama tonge lake la ugali wa wimbi na hakusema kitu. Alihisi masikio yake yanawaka moto. Kisha, badala ya kuona aibu, akapata wazo jingine. Kwa nini Magokoro anawatazama watu hivyo? Mwenye kutazama watu hivyo si yule mwenye lake jambo?

Asubuhi iliyofuata alichota jivu jikoni, akalitandaza chini ya kizimba. Jioni alirudi mbio, akapiga magoti. Katika jivu palikuwa na alama za ndala, na kando yake vishimo vidogo vya mviringo, kimoja baada ya kingine. Katika boma lile ni mtu mmoja tu aliyetembea kwa fimbo.

Kemuma aliinuka akiwa amefura kwa hasira. Magokoro! Yule yule anayemwekea ndizi choma chini ya majivu ili aikute ikiwa moto. Usiku huo Magokoro alipompa ndizi hiyo, alisema ameshiba. Magokoro alimtazama kidogo, akaila mwenyewe. Kemuma aliumia, maana njaa alikuwa nayo, lakini mpelelezi hali chakula cha mshukiwa wake.

Ijumaa wanafunzi waliachiliwa mapema. Kemuma hakupitia njia ya kawaida. Alizunguka kwenye migomba, akajibanza nyuma ya shina nene na kuchungulia. Hakungoja sana. Magokoro alitoka jikoni, akatazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu anayekwenda kuiba. Akafungua mlango wa kizimba. Akainama, mgongo wake ukimkinga Kemuma asione vizuri. Mashavu yakavimba. Kisha fyuuu, akatema ndani ya kizimba. Akanong'ona maneno fulani, akatema tena, akafunga kamba kwa mafundo mawili.

Tangu utotoni Kemuma alisikia kwamba mate ya mzee yaweza kuwa baraka, na yaweza kuwa laana. Hakuwa na haja ya kuuliza haya yalikuwa ya aina gani. Alipokwenda kumtazama Taratibu, alimkuta ameshikilia tawi kwa mkia, macho yamefumbwa mchana kweupe. Kinyonga anayelala mchana hana siku nyingi, hilo Mwalimu Ochoki alikuwa amemwambia.

Kesho yake ilikuwa Sabato. Baada ya ibada walikuja wageni kula chakula cha mchana, mzee wa kanisa Omosa na mkewe Lorna. Mama alipasha moto vyakula alivyopika Ijumaa, chinsaga zile mboga chungu zilizotiwa maziwa, ugali na kuku. Watu walikula kwa furaha. Kemuma peke yake alichezea chakula. Mama Lorna, ambaye alikuwa mtu wa maneno matamu, akaanza kumsifu Magokoro. Akasema katika kanisa lao lote hapana mwenye huruma kama Mama Persis, ambaye hata kuku mgonjwa humfunika kwa shuka yake.

Kemuma alishindwa kujizuia.

"Kuku humhurumia," alisema kwa sauti ya kutetemeka. "Lakini kinyonga wangu anamtemea sumu. Nimemwona kwa macho yangu jana."

Vijiko vilinyamaza. Mzee Omosa alitazama sahani yake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo. Mama alishika mdomo. Katika nyumba ile hakuna mtoto aliyewahi kumtuhumu mkubwa, seuze bibi mzaa baba, seuze mbele ya wageni, seuze siku ya Sabato. Baba alilirudisha tonge sahanini na kutamka jina la Kemuma mara moja tu, kwa sauti ya chini ambayo ilitisha kuliko kelele. Alikuwa anainuka Magokoro alipomnyooshea mkono wa kumzuia.

Magokoro alinawa mikono taratibu. Mtu angeweza kuona kwamba ameumia, maana kidevu kilimcheza kidogo. Lakini alipozungumza, sauti yake ilikuwa tulivu.

"Mtoto anasema ameona," alisema. "Basi mwacheni. Aliyeona hafichi. Twende sote atuonyeshe."

Wakatoka wote, wageni kwa wenyeji, wakasimama chini ya upenu. Magokoro akamwomba Mama Lorna amletee kikombe cha maji ya kunywa. Akapiga funda kubwa, mashavu yakavimba, akainama mbele ya kizimba, na fyuuu, akapuliza maji kama fundi wa nguo anayelowesha shati kabla ya kulipiga pasi. Matone madogo yakaning'inia kwenye majani. Kwa muda hapakutokea kitu. Kisha Taratibu akafumbua jicho moja. Akajitikisa, akasogea, na kuanza kulamba tone moja baada ya jingine, kwa pupa, kama ndama aliyepotelewa na mama yake.

Mama Lorna alinong'ona kwamba kumbe ana kiu.

"Kile kifuniko cha soda ulichomtilia maji hata hakioni," Magokoro alimwambia. "Hawa hunywa umande. Tangu nikiwa msichana nawaona asubuhi kwenye pareto wakilamba majani. Nilipoona macho yake yameingia ndani, nikajua atakufa na kiu, na wewe uko shuleni. Ndiyo maana nikawa nampulizia maji na kumnong'oneza anywe."

Baba alimuuliza mama yake kwa nini basi alifanya kwa siri. Magokoro akavuta leso yake mabegani. Alikuwa ameona haya kidogo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

"Nilikwisha kutangaza mbele yenu kwamba sitamgusa," alisema. "Na sijamgusa. Nimemnywesha tu."

Mzee Omosa alicheka mpaka akajishikilia nguzo. Kemuma alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini Magokoro hakuwa amemaliza. Alisogeza uso karibu na wavu, akakunja paji la uso. Akasema kwamba maji anakunywa, hilo wameliona wote. Jambo ambalo halielewi ni kwa nini kiumbe huyu anayeletewa nzi kila siku anazidi kukonda. Akamwambia Kemuma, kwa kuwa yeye ndiye mlishaji, afungue mlango atazame.

Kemuma alifungua. Nzi wa asubuhi walikuwa wote sakafuni, chali, miguu juu, mmoja wao akitetemesha bawa kwa mbali. Jicho la Taratibu liliteremka likawatazama, kisha likageuka kando. Kemuma alijua sababu. Kinyonga hali kitu kisichosogea, hata akifa njaa. Lakini nzi hawa aliwaleta wazima, wanavuma ndani ya chupa. Nani aliwaua?

Macho yake yakaenda kwenye unga ule uliotapakaa kila mahali, juu ya sakafu, juu ya matawi, hata mgongoni mwa Taratibu. Mtoto wa eneo la pareto, aliyezaliwa katika pareto, anayejua kwamba maua hayo hununuliwa ili yatengenezewe dawa ya kuua wadudu! Alikuwa amemwekea mgeni wake meza juu ya sumu, kisha akashangaa mbona hali. Magokoro alichovya kidole katika unga, akakinusa. Alimtazama tu mjukuu wake na kungoja.

Kemuma angeweza kunyamaza, kama alivyonyamaza mezani.

"Ni mimi," alisema. "Pareto iliyopungua mkekani niliichukua mimi. Nilitaka kufukuza sisimizi. Magokoro, nisamehe. Ni mimi niliyekuwa ninamuua."

Akalia, na machozi yale hayakuwa ya kuogopa fimbo. Mokeira, aliyekuwa amesimama mbali kabisa, alikuja akamshika bega.

Mzee Omosa aliamua kwamba kuokoa kiumbe si kuvunja Sabato, akavua koti. Mokeira alileta maji na kukiosha kizimba huku ameziba pua kwa mkono mmoja. Mama Lorna alikata matawi mapya. Taratibu mwenyewe alipulizwa maji mpaka unga wote ukamtoka mgongoni. Magokoro akaonyesha dawa ya sisimizi isiyoua mtu. Kizimba kikawekwa juu ya stuli, na kila mguu wa stuli ukasimama ndani ya mkebe wa maji. Sisimizi wakafika ukingoni, wakashauriana, wakarudi walikotoka.

Jumapili ilipita Taratibu akiwa vilevile, na Kemuma hakutoka karibu naye. Jumatatu asubuhi alimtilia nzi mmoja tu, akakaa kutazama. Jicho moja likageuka. La pili likafuata. Ulimi ukatoka. Kemuma alikimbia shambani akipiga kelele kwamba amekula, mpaka wachuma chai wa jirani wakadhani kuna harusi.

Mguu ulipopona, Mwalimu Ochoki alikuja, wakamwachilia Taratibu kwenye kichaka cha chini karibu na mto, mahali ambapo Baba aliahidi kutokata wala kuchoma. Taratibu alijitikisa mbele na nyuma, akapima tawi, akaingia majanini. Alikuwa wa kijani tena, na muda si muda hawakuweza kumwona.

Alasiri hiyo Kemuma alikuwa shambani na Magokoro wakichuma pareto. Kila siku baada ya shule alimsaidia, ili kulipa konzi alizochukua, ingawa Magokoro hakumdai. Kemuma akauliza kama bado amemkasirikia.

Magokoro alijinyoosha mgongo.

"Ulipochukua pareto, ulinificha," alisema. "Nilipouliza mezani, ukanificha tena. Ungesema neno moja tu siku ile, ningekuambia hapohapo kwamba utamuua. Kuku hula nje ya kiota chake, mwanangu, huyu alikula humo humo. Lakini ulikuwa na siri, na mwenye siri huona wezi kila mahali. Akatandaza majivu, akajibanza kwenye migomba, akaikataa ndizi ya bibi yake."

Kemuma aliinamisha kichwa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba alidhani kikulacho ki nguoni mwako maana yake ni watu wa nyumbani.

"Nguo yako ni yako," Magokoro akajibu. "Kabla ya kutazama ya wenzio, anza na hiyo. Mungu alimpa kinyonga macho mawili, kila moja huenda upande wake. Wewe pia unayo mawili. Siku nyingine ukitafuta mkosaji, moja lielekeze kwa watu, lakini la pili ligeuze likutazame wewe. Safari hii yote mawili uliyaelekeza kwangu."

Akachuma ua moja, akalitupa kikapuni. Kisha akamkumbusha kwamba kuna ndizi kwenye majivu, na leo asijidai ameshiba.